Babu Alivyotunga Uzi Bila Miwani

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa shati la kanisani, kwa sababu Bibi alisema kazi ni kazi, hata kama mwajiri ni babu yako. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne nasubiri matokeo. Nyumbani Mwanza walichoka kuniona nimejifungia chumbani naandika shajara, wakanipakia kwenye meli niende Nansio kwa Babu na Bibi nikachangamke. Sikuchangamka. Nilipofika niliwaamkia watu wote gatini huku naangalia viatu vyao.

Babu ni fundi cherehani, na kibaraza chake kipo kwenye njia ya kutoka gatini, kwa hiyo karibu kila anayeshuka melini anapita mbele yake. Kazi niliyopewa ilikuwa moja: kutunga uzi kwenye sindano. Macho ya Babu yalishaanza kukataa vitu vya karibu, kama ya wazee wengi, na hata akivaa miwani yake ya kusomea alilifuata tundu la sindano kama mtu anayefukuza nzi.

"Mpinzani," aliniambia asubuhi ile, "hapa hatuongei sana. Utaweza?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Umeajiriwa."

Mpinzani ni mimi. Bibi ananiita mume wake mdogo, kama mabibi wanavyowatania wajukuu wa kiume, na Babu akaona kwa kuwa tunagombea mke mmoja anipe cheo kinachofanana na hali hiyo. Wewe Neema, mjukuu mwenzangu, ni wa kike, kwa hiyo utani utageuka, utakuwa mke mwenza wa Bibi. Jiandae. Nakuandikia haya kwa sababu unakuja kushika nafasi yangu, na ukiniuliza uso kwa uso kazi ikoje najua nitajibu "iko poa tu" halafu nitoke nje. Kwenye karatasi naongea vizuri zaidi.

Kutunga uzi kuna ufundi wake. Ncha ya uzi unaikata mshazari, unailowesha kwa mate, unaipitisha upande ambao cherehani yenyewe inataka. Cherehani ya Babu inapokea kutoka kushoto, ukilazimisha kulia inatafuna kitambaa. Nilipenda kazi ile. Tundu la sindano halikuulizi unasoma shule gani wala mbona huongei.

Juu ya Babu, ambaye nilimwita Fundi Mkuu, kulikuwa na Bibi, ambaye nitamwita Mkurugenzi. Fundi Mkuu alitoa amri mchana, Mkurugenzi alizitengua jioni.

Kazi hiyo niliachishwa kwa muujiza.

Asubuhi moja nilifika kibarazani nikakuta uzi umeshatungwa. Nikadhani Mkurugenzi amepita. Babu akang'oa uzi mweusi, akachukua mweupe, akaupitisha mbele ya macho yangu kwa mkupuo mmoja, miwani ikiwa mezani. Kisha akachukua kipande cha gazeti kilichokuwa kimefunga maandazi, akanisomea habari za mpira mpaka herufi ndogo za pembeni zilizochanganyika na mafuta.

"Unaona?" akasema. "Macho yamerudi ujanani."

"Na meno je," Bibi akauliza kutoka ndani, "yanarudi lini?"

Babu akajifanya hasikii kwa kelele za cherehani.

Jumapili iliyofuata alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Alifungua Biblia akasoma bila miwani, na alipoona watu wanaitikia amina akaendelea kusoma, akasoma hadi ukurasa wa mwanzo unaosema Biblia imechapwa wapi. Mchungaji ilibidi amshukuru mara kadhaa ndipo akae. Wakati wa kutoka, kwa furaha, akamvua Mzee wa Kanisa kofia, akamvisha ile miwani.

"Mimi siihitaji tena," akasema. "Itumie kwa utukufu wa Bwana."

Mzee wa Kanisa akatazama mkono wake mwenyewe, akaona kucha zake, akasema zinahitaji kukatwa. Watu wakapiga vigelegele.

Ila macho yalichokipata karibu yalikuwa yamekipoteza mbali. Hilo niliona mimi nikiwa sina kazi, nimekaa tu kwenye benchi la wateja. Babu aliyekuwa akiwatambua watu tangu wanashuka melini sasa alikuwa anawakosea wakiwa barabarani. Alimkaribisha mchuuzi wa samaki wa sato kwa heshima zote za diwani. Siku moja akapita mtoto wa darasa la nne kavaa koti la baba yake kwa sababu ya mvua. Babu akasimama, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo mzee."

Mtoto akaangalia kulia na kushoto. Kisha kwa hofu akajibu, "Marahaba," akakimbia.

Kulikuwa na mambo mengine. Babu alikuwa anamaliza mtungi wa maji peke yake na njia ya chooni ilikuwa haikauki nyayo zake. Suruali zikawa zinamlegea kiunoni. Kwa kuwa ni fundi hakushtuka, alizipunguza tu, na zilipolegea tena akazipunguza tena, akijisifia mshono.

Mkurugenzi ndiye aliyejumlisha hesabu. "Mtu anayerudi ujanani," alisema, "hanywi maji kama ng'ombe wa Misungwi wakati wa kiangazi. Kesho kliniki." Babu akasema kesho ana oda ya sare za kwaya. Bibi akasema kwaya inaweza kuimba uchi. Wakaenda.

Walirudi na jina la ugonjwa, kisukari, na mimi nikarudishwa kazini kwa cheo kipya.

Cheo hicho ndicho unachokirithi. Utapewa kimashine kidogo cha kupimia sukari kwenye damu, kopo la vijiti vya kupimia, na kitobozi, kile kinachofanana na kalamu chenye sindano ndani. Babu ananawa mikono kwanza kwa maji na sabuni, kwa sababu akitoka kula embe ukampima kidole utakuwa umepima embe. Toboa pembeni ya ncha ya kidole, siyo katikati. Vidole vya Babu ni vigumu kwa sababu ya sindano za miaka yote, lakini usidanganyike. Mtu aliyejichoma kazini mara nyingi bila hata kusema "aa" alipoona kitobozi aligeukia ukutani, akashika mguu wa meza.

Siku ya kwanza nilikosea kidole nikajitoboa mwenyewe. Damu ikaingia kwenye kijiti, namba ikaja nzuri sana.

"Nimepona," Babu akasema.

"Hiyo ni yangu, Babu."

"Hata yako ni ya ukoo huu. Andika."

Mkurugenzi akaniambia nimpime tena, safari hii mwenye ugonjwa.

Alikuwa amepewa vidonge asubuhi na jioni. Chai ikawa haina sukari, ugali ukapungua, mboga zikaongezeka, soda ikafutwa kabisa. Babu alivumilia kwa heshima. Siku baada ya siku namba kwenye kimashine ikawa inashuka, na mimi nilijivunia kama vile nashusha mwenyewe kwa kamba.

Namba iliposhuka, macho ya karibu yakaondoka. Yalikwenda mbali kuliko yalivyokuwa kabla ya muujiza. Babu alishindwa kuona tundu la sindano, akashindwa kuiona sindano yenyewe, akashona mfuko wa shati la kwaya upande wa ndani. Akaenda kwa Mzee wa Kanisa kuiomba miwani yake.

"Zawadi ya ushuhuda hairudishwi," Mzee wa Kanisa akamjibu akiwa ameivaa. "Nitamwambia nini Mungu?"

Babu akarudi kibarazani akakaa. "Mpinzani," akasema, "Mungu alinipa macho, dawa za hospitali zimeninyang'anya." Aliongea taratibu, wala hakuwa anatania. Kwa jinsi alivyoliona yeye, mambo yalikuwa wazi kabisa: kabla ya vidonge alisoma gazeti la maandazi, baada ya vidonge anashona mifuko ndani. Na fundi asiyeona sindano ni mzee tu aliyekaa karibu na cherehani.

Kazi ya uzi ikanirudia, nikawa na vyeo viwili. Halafu asubuhi moja nikakuta uzi umetungwa.

Nilisimama pale kibarazani nikiutazama. Babu alikuwa anapiga mluzi. Nilipompima kidole namba ilikuwa imepanda tena juu kabisa, akasema ni kwa sababu ameota anakula keki. Kwenye kopo la vifungo, chini ya vifungo vya sare za kwaya, niliona vidonge vyeupe. Ukiangalia haraka ungedhani ni vifungo visivyo na matundu.

Unanijua nilivyo. Sikusema. Nilibeba jambo lile tumboni mpaka siku ya kliniki, na hapo ndipo nilipokutana na mkubwa mwingine wa kazi, yaani Sista wa kliniki, mwanamke mfupi ambaye wazee wote hunyooka mgongo akipita.

"Dawa unakunywa, mzee wangu?" akauliza.

"Kila siku, Sista."

"Namwona mwenyewe akiweka mdomoni," Bibi akasema.

Sista akaangalia namba, akaangalia Babu, akaangalia namba. Mimi nilikuwa naangalia vidole vyangu. Nikasikia sauti inasema, "Ametunga uzi." Ilikuwa yangu.

"Nani?"

"Babu. Ametunga uzi mwenyewe. Bila miwani."

Babu alinigeukia kama nimetangaza siri ya serikali. Bibi alikuwa bado hajaelewa, lakini Sista aliweka kalamu chini.

"Kumbe," akasema. "Mzee, sogea nikueleze. Ndani ya jicho kuna lenzi, kama kioo cha miwani, ila hii ni laini. Sukari ikijaa kwenye damu, na lenzi inaingiwa. Inanyonya maji, inavimba, inabadilika umbo. Kwa wengine ikivimba hivyo, ya karibu yanaonekana vizuri na ya mbali yanakuwa ukungu. Sukari ikishuka kwa dawa, lenzi inaanza kunywea. Kwa muda unaona vibaya hata zaidi ya zamani. Halafu baada ya wiki kadhaa inatulia. Ndiyo maana hatutaki ununue miwani wakati sukari inapanda na kushuka, maana utakuwa umenunua miwani ya lenzi ambayo mwezi ujao hunayo."

Babu akaligusa jicho lake kwa kidole.

"Kwa hiyo muujiza wangu ni uvimbe," akasema.

"Sijasema hivyo, mzee. Nimesema unywe dawa."

"Na vidonge viko wapi?" Bibi akauliza, sasa ameelewa.

Nikamwonea huruma Babu, lakini nikasema: "Kwenye vifungo."

Sista hakumgombeza sana. Alisema hilo la lenzi ni dogo, lenyewe hurudi. La kuogopa lipo nyuma zaidi ndani ya jicho na halisemi kitu mpaka limeshaharibu. Akaandika twende Mwanza kwa daktari wa macho.

Neema, siku ya Mwanza ndiyo kubwa kuliko zote katika utumishi wangu. Babu aliwekewa matone ya kupanua mboni, yaani kale kaduara keusi katikati ya jicho, ili daktari aweze kuchungulia ndani kama mtu anayefungua mlango wa stoo. Wakapiga picha. Daktari wa macho, kijana mpole mwenye viatu safi sana, akatuonyesha kwenye kompyuta duara la rangi ya chungwa lenye mishipa kama mizizi.

"Hili ni pazia la nyuma ya jicho, tunaliita retina," akasema. "Picha ya kila unachokiona inatua hapa."

Babu aliinama, lakini kwa yale matone hakuona kitu. Akaniambia nimsomee.

"Kuna madoa, Babu. Madogo mekundu."

Akageukia daktari. Akauliza kama fundi. "Kitambaa kina madoa. Yanatoka?"

"Ni mishipa midogo imevuja kwa sababu ya sukari ya muda mrefu. Bado mapema. Haya tutayafuatilia, kila mwaka uje tuangalie. Mapya tunaweza kuyazuia kwa kiasi kikubwa, ukiishusha sukari na ukaishikilia hapo."

"Na nisipoishikilia?"

Daktari alifikiri kidogo. "Inaweza kufika siku ukawa unamtambua huyu mjukuu wako kwa sauti tu."

Babu akacheka kidogo, akaacha. "Huyu?" akasema. "Huyu hana sauti."

Babu akanyoosha mkono hewani mpaka akalipata bega langu, akalishika. "Basi nitakuwa nimempoteza kabisa," akasema.

Nimeandika kurasa nyingi kwenye shajara yangu kuhusu mambo ya kijinga. Kuhusu hilo sikuweza kuandika usiku ule hata mstari.

Kurudi Nansio, jua la ziwani lilikuwa linamchoma Babu machoni kwa sababu mboni zilikuwa bado wazi. Bibi akamfunika kichwa chote na kanga yake, akashuka sehemu ya chini ya meli kulinda mizigo, akaniachia Babu. Ukimwona mzee ameinama melini amefunikwa kanga unafikiri nini? Mama mmoja akasogea.

"Poleni sana, baba. Ilikuwa ghafla?"

"Ghafla kabisa," Babu akajibu chini ya kanga. "Na mimi nilidhani mambo yanaendelea vizuri."

"Ndiyo ilivyo. Jikaze."

Nilitaka kueleza. Nikaishia kuangalia viatu vyake. Dakika chache baadaye benchi zote zinatupa pole, wanaume wamevua kofia, mtu ameanzisha pambio la chini chini, na Babu anashukuru kila mmoja, anashangaa jinsi watu wa siku hizi wanavyojali macho. Kisha kijana mmoja mwenye moyo mzuri akaja na soda baridi, imeshafunguliwa. "Mzee apate nguvu kidogo," akasema.

Mkono wa Babu ukatoka chini ya kanga. Ukaishika.

Nikasimama. "Hajafiwa," nikasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyoipangia, ikafika mpaka kwa nahodha. "Ni Babu yangu. Ana kisukari, ametoka kupimwa macho. Asipewe soda."

Pambio likakatika.

"Nani huyo anapiga kelele?" Babu akauliza chini ya kanga.

Bibi alikuwa ameshafika juu ya ngazi. "Ni mpinzani wako."

"Kumbe ana sauti."

"Anayo."

Babu akafikiri. "Nimemsikia," akasema, na ile soda akairudisha hewani mpaka mwenyewe akaipokea. Mama wa kwanza akasema basi poleni kwa macho, na pole zikaanza upya.

Jumapili Babu akaomba tena nafasi ya ushuhuda. Mchungaji alimpa kwa wasiwasi. "Ndugu zangu," Babu akasema, "ule ushuhuda wa kwanza naomba muupunguze kidogo. Macho yalikuwa yamejaa sukari. Ninachomshukuru Mungu sasa ni kwamba nimeambiwa mapema. Kama kuna mzee mwingine hapa amerudi ujanani ghafla, aende akapime." Akakaa. Watu hawakujua kama waseme amina. Ila Jumatatu Sista alikuta benchi la kliniki lina wazee wawili waliokuwa wamejisifia kuacha miwani, kila mmoja akidai amemsindikiza mwenzake.

Sukari ilishuka, ikatulia. Baada ya wiki kadhaa Babu akapimwa miwani ya kweli, ya kusomea na kushonea, na mifuko ikarudi nje ya mashati.

Sasa nimestaafu. Matokeo yametoka, nimepangiwa kidato cha tano, shule ya bweni upande wa Misungwi, na Mkurugenzi ameridhia barua yangu ya kuacha kazi, niliyoitoa kwa mdomo. Kuna mambo hutayakuta kwenye karatasi ya maelekezo. Babu ana vidonge vya kunywa mbele yako, na akinywa mwambie akuongeleshe, mtu mwenye kidonge shavuni hawezi kusema "shati la shule" vizuri. Sukari ikishuka mno nayo ni hatari, mtu anatetemeka, anatoka jasho, macho yanamchanganya, hapo anapewa kitu kitamu haraka. Babu alipolijua hilo akaanza kutetemeka kila Bibi anapokoroga chai ya wageni. Wewe shika kimashine, pima. Akiona kitobozi tetemeko la uongo linaisha lenyewe. La kweli haliishi, usibishane nalo, mpe sukari.

Na ukiona uzi umetungwa asubuhi bila miwani, usikae nalo tumboni kama mimi. Sema siku hiyohiyo.

Jana niliondoka. Bibi alilia akisema hajawahi kuona mume anayeachana na mtu kwa kwenda shule. Babu alinisindikiza gatini, miwani ameiacha kwenye cherehani. Nilipanda, nikasimama nyuma ya watu kama kawaida yangu, meli ikaanza kusogea. Kutoka pale nilimwona ameweka mkono juu ya macho, anapitisha uso kwenye watu wote waliosimama ukingoni mwa meli, taratibu, mmoja mmoja. Alinipita. Akaendelea mpaka mwisho, akarudi kwangu.

"Mpinzani," akaita, "kola imekunjika. Ya kushoto."

Meli nzima ikanigeukia. Nikainyoosha kola haraka, nikainua mkono juu nikapiga kelele mbele ya wote, "Asante, Babu."

Maji yalikuwa yameshaongezeka kati yetu. Akatikisa kichwa.

"Hiyo ni ya kulia," akasema.